Nilizaliwa siku aliyokufa Sokoine, cheti kinasema 1 Julai: nifuate kipi?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwenyeji wa Akeri, Meru, kwa sasa naishi Sakina, Arusha. Wenzangu niliomaliza nao darasa la saba tunaandaa kijitabu cha mkutano wetu wa Desemba, na nimepewa ukurasa wa waliozaliwa na waliofariki nchini mwaka 1984, maana karibu wote ni wa mwaka huo. Upande wa vifo nilianza na Hayati Sokoine, sikupata shida. Upande wa vizazi nimepata majina machache mno, na tarehe zinagongana. Je, mwaka ule hawakuzaliwa watu wa maana? Halafu kuna langu. Mama anasema alinizaa nyumbani siku ile Sokoine alipokufa, na ndiyo maana hajawahi kupenda nifanye sherehe ya kuzaliwa; anasema siku ile ni nzito. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema 1 Julai 1984, na miaka yote nimejaza fomu kwa tarehe hiyo. Nimekuwa nikidanganya? Kwenye kijitabu niandike ipi?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kuhusu ukurasa wa kijitabu, lakini naona kinachokusumbua hasa ni hiyo tarehe yako. Nitajibu yote mawili, kwa sababu ugonjwa wake ni mmoja. Nikutoe wasiwasi kwanza: hujamdanganya mtu. Ulijaza tarehe iliyokuwa kwenye cheti chako, na kila mwenye cheti hufanya hivyo. Suala ni nani aliyeiweka pale, lini, na kwa haja gani.

Tuanze na orodha. Unadhani upande wa vizazi ni mtupu kwa sababu hawakuzaliwa watu wa maana. Sivyo. Kifo cha mtu mkubwa huandikwa siku ile ile. Alhamisi tarehe 12 Aprili 1984 Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, alikuwa njiani kwa gari akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam, ajali ikamkuta Dakawa, mkoani Morogoro. Jioni hiyo Mwalimu Nyerere mwenyewe akalitangazia taifa redioni. Magazeti yakaandika, bendera zikashushwa nusu mlingoti, akazikwa kwao Monduli Juu. Alikuwa na miaka 45. Tarehe ya namna hiyo ina mashahidi nchi nzima, na ukiitafuta leo unaikuta bila jasho.

Sasa geukia Januari ya mwaka huo huo. Tarehe 8, mkoani Shinyanga, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Steven Kanumba. Nani angeandika? Redio haikuwa na habari naye. Ilibidi akue, aende Dar es Salaam, aigize, apendwe Afrika Mashariki yote, ndipo watu waulize alizaliwa lini. Mtoto hazaliwi akiwa maarufu. Orodha ya vizazi vya mwaka wowote hujazwa kwa kurudi nyuma, miaka 20, 30 au 50 baadaye. Wenzenu wa 1984 ndiyo kwanza wako katika miaka yao ya arobaini. Wapo watakaojulikana wakiwa na miaka 60, na ukurasa wako hauwezi kuwangoja. Hata Sokoine mwenyewe, aliyezaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, na Benjamin Mkapa, aliyezaliwa upande wa Masasi tarehe 12 Novemba mwaka huo huo, hakuna aliyewaweka kwenye orodha ya 1938. Walikuwa watoto wawili wa vijijini, basi.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini watu wetu wengi wana tarehe kamili ya kufa na hawana ya kuzaliwa. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na dunia nzima ilitangaziwa. Alizaliwa lini? Watu walikadiria kuwa amevuka miaka 100, na ikabaki makadirio. Huku kwetu mfano unaouma zaidi ni Mangi Meli wa Old Moshi. Tunajua kwa uhakika kwamba Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Tunajua kwa sababu waliomnyonga walikuwa watu wa kuandika. Siku mama yake alipomzaa haikupata kalamu. Wewe ni Mmeru, na baadhi ya walionyongwa siku ile ni wazee wako. Wengi wao katika historia iliyoandikwa wana siku moja tu, nayo ni ya kifo. Ukitengeneza ukurasa wa "waliozaliwa na waliofariki", beba jambo hili kichwani: upande mmoja ukijaa na mwingine ukiwa mtupu, unaangalia kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kuitengeneza tarehe pale isipokuwepo. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alifariki 1996, na ikasemwa kila mahali kuwa alikuwa na miaka 125. Hesabu hiyo ilitoka wapi? Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889. Mzee alisemekana kuwa ndiye kijana aliyewaongoza mlimani. Kwa hiyo mwaka ule lazima alikuwa kijana wa kama miaka 18. Hesabu ikarudishwa nyuma hadi 1871. Namheshimu sana mzee yule na sisemi kuwa hakuupanda mlima. Nasema umri wake ulijengwa juu ya tukio, si juu ya maandishi. Mtu aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa ushahidi wa nyaraka, mama mmoja wa Ufaransa aitwaye Jeanne Calment, alifariki 1997 akiwa na miaka 122. Mtu akikuletea tarehe ya kuzaliwa ya mzee wa zamani, muulize kwanza imetokana na hesabu gani.

Kabla sijafika kwenye tarehe yako, niseme neno kwa mama. Najua watu wanaoamini Aprili ni mwezi mbaya kwa nchi hii. Watakutajia Mzee Karume aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, Kanumba aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, miaka 40 kamili baada ya Karume. Ukiyapanga hivyo, mwili unasisimka. Lakini jaribu kuupanga Februari: Maalim Seif tarehe 17 Februari 2021, Edward Lowassa tarehe 10 Februari 2024, Mzee Mwinyi tarehe 29 Februari 2024. Kila mwezi una makaburi yake, ila tunahesabu ule tuliokwisha kuutilia shaka. Na Aprili hiyo hiyo, tarehe 13 mwaka 1922, ndimo alimozaliwa Mwalimu Nyerere. Mama yako alijifungua wakati majirani wanalia, na sioni ajabu siku ile ikimlemea mpaka leo. Huo ni msiba wake aliouishi, umheshimu. Mkosi wako haumo.

Sasa tarehe ya 1 Julai. Kwa kazi yangu ya kumbukumbu za koo na sharika hapa Moshi nakutana nayo mara nyingi, pamoja na dada yake 1 Januari. Karani aliyeambiwa mwaka tu, naye ana nafasi ya siku na mwezi lazima aijaze, huweka mwanzo wa mwaka au katikati yake. Wakati wa Mwingereza usajili wa lazima wa vizazi na vifo haukumhusu Mwafrika. Baada ya uhuru ukasambazwa polepole, wilaya kwa wilaya. Leo sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30. Mwaka 1984 mama aliyejifungulia nyumbani, tena masika, barabara zikiwa tope, hakukimbilia ofisi ya wilaya. Cheti kilitafutwa baadaye kilipohitajika, labda ulipokuwa unaingia shule au unaomba kazi. Angalia cheti chako: kando ya tarehe ya kuzaliwa kuna tarehe ya kusajiliwa. Ikiwa ulisajiliwa 1998 au 2004, basi hiyo 1 Julai iliandikwa na mtu ambaye hakuwepo ulipozaliwa, akisikiliza maelezo ya mtu aliyekumbuka mwaka.

Je, mama anakumbuka sawasawa? Wengi hukosea hapa kwa namna mbili: ama wanaikubali kauli ya mzazi kama tarehe kamili, ama wanaidharau kwa kuwa haina karatasi. Kumbukumbu iliyofungwa kwenye tukio ina nguvu kubwa, ila haishiki siku moja. Inashika fungu la siku kadhaa. "Siku Sokoine alipokufa" inaweza kuwa Alhamisi yenyewe jioni, redio ilipotangaza. Inaweza kuwa Ijumaa asubuhi, jirani alipopita na habari. Inaweza kuwa siku ya mazishi Monduli, watu wa Arusha walipofurika barabarani. Mwalimu naye alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama tarehe 23, na wapo waliozaa katikati hapo wanaosema wote kwa mdomo mmoja, "siku ya msiba wa Mwalimu". Zaidi ya hapo, msiba mkubwa una kumbukizi kila mwaka. Mama aliyejifungua siku ya kumbukizi ya kwanza, Aprili 1985, baada ya miaka 40 anaweza kuunganisha siku hizo mbili bila kujua.

Kwa hiyo usimuulize mama "una uhakika?" Atakujibu ana uhakika, na atasikitika kwamba humwamini. Muulize kuhusu Pasaka. Mwaka 1984 Pasaka iliangukia tarehe 22 Aprili, siku kumi baada ya ajali, na Jumapili ya Matawi ilikuwa tarehe 15. Mwaka 1985 Pasaka ilikuwa tarehe 7 Aprili, kwa hiyo ile kumbukizi ya kwanza ilikuja Pasaka ikiwa imekwisha. Mama Mlutheri wa Meru atakumbuka kama Pasaka ile alikuwa bado ndani na kichanga, au kama aliila Pasaka akiwa na tumbo. Akikumbuka kwamba Matawi ilimkuta ndani na mtoto wa siku mbili tatu, 1985 imejiondoa yenyewe na umebaki na 1984. Kisha uliza saa: ulikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku, wa kuamkia siku gani? Hili si jambo dogo. Kanumba alifariki usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi, na ndiyo sababu wapo wanaoandika tarehe 6 na wanaoandika tarehe 7. Wote wanakumbuka usiku ule ule. Kizazi cha usiku hubeba utata huo huo.

Baada ya mama, tafuta maandishi ya mapema kuliko cheti, hasa yale ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya kuthibitisha umri. La kwanza ni kadi ya kliniki. Akina mama wengi huzitunza pamoja na vyeti vya ndoa, chini kabisa ya sanduku. Usikimbilie mstari wa tarehe ya kuzaliwa. Nenda kwenye chanjo. Nesi aliandika tarehe ya sindano siku ile anaichoma, na hakuwa na sababu ya kuibadili. Ukikuta sindano ya kifua kikuu au uzito wako wa kwanza vimeandikwa Mei 1984, habari ya 1 Julai imekwisha, kwa sababu hakuna mtoto anayechanjwa kabla hajazaliwa. Mstari huo mmoja unazidi viapo vitatu.

La pili ni kitabu cha ubatizo cha usharika. Ni daftari kubwa jembamba, kila mtoto ana mstari wake uliokatwa kwa safu: namba, jina, baba, mama, kuzaliwa, kubatizwa, wadhamini, sahihi ya mchungaji. Safu mbili za tarehe hazina uzito sawa. Ya kubatizwa iliandikwa na mtu aliyeliona tendo likifanyika mbele yake. Ya kuzaliwa iliandikwa kwa kuambiwa na wazazi, na mtoto aliyebatizwa akiwa na miaka mitatu anaweza kuwa na tarehe ya kukisia. Angalia pia walio juu na chini yako: ukiona watoto watano mfululizo wote wamezaliwa tarehe 1, ujue mwandishi alikuwa anakadiria. Ukiona tarehe zimetawanyika, 3, 17, 26, amini kwamba aliuliza na akajibiwa.

Tuseme kadi, kitabu na mama vyote vimeelekea 12 au 13 Aprili. Ufanye nini na cheti? Ushauri wangu hautawapendeza wote. Ikiwa cheti, vyeti vya shule, kitambulisho cha Taifa, pasi ya kusafiria, benki na mfuko wa hifadhi ya jamii vyote vinasema 1 Julai, viache. Tofauti ya miezi miwili na nusu haitakuongezea chochote, na kubadilisha kimoja kutavifanya vingine vyote vigombane nacho. Kama ni mtumishi wa umma, ambaye kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, badiliko la tarehe ya kuzaliwa hutazamwa kwa jicho kali, na ni haki litazamwe hivyo, kwa sababu wapo waliolitumia vibaya. Nchi inahitaji tarehe moja ya kukutambulisha. Ukoo wako unahitaji kujua ulizaliwa lini. Haja hizo mbili zinaweza kuishi kwenye daftari mbili bila uongo wowote, mradi katika daftari la ukoo uandike yote: kwamba nyaraka za serikali zina 1 Julai, kwamba kadi ya kliniki inaonyesha hivi, kwamba mama alisimulia hivi, na siku uliyomuuliza.

Hali ni tofauti ikiwa nyaraka zako tayari zinapingana, kwa mfano cheti cha shule kina mwaka mmoja na kitambulisho kina mwingine. Hapo usingoje mpaka uombe mafao au mirathi. Nenda mwenyewe ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ya wilaya ulikosajiliwa, uchukue kadi, cheti cha ubatizo na vyeti vya shule, uulize utaratibu wa kusahihisha. Na kama utaambiwa uape, apa mbele ya wakili au hakimu ukiwa na ushahidi mkononi. Jihadhari na watu wanaokaa nje ya ofisi wakiahidi kukutengenezea cheti kipya kwa siku moja. Kutoa maelezo ya uongo kwa msajili ni kosa la jinai, na cheti cha namna hiyo kitakuja kukuumbua wewe, si aliyekuuzia.

Nirudi kwenye ukurasa wa kijitabu. Usijaribu kuujaza. Weka Sokoine na tarehe yake, weka Kanumba, na kila jina lingine liingie tu kama umeona tarehe yake katika vyanzo viwili ambavyo kimoja hakikunakili kutoka kwa kingine. Kwa magazeti ya mwaka ule, Uhuru na Daily News, mahali pa kuyatafuta ni maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye hazina yake ya Afrika Mashariki. Kama wenzako wanataka ukurasa uwe na uzito zaidi, ongeza taasisi: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro kilianzishwa 1984, na Katiba ya Zanzibar ni ya mwaka huo. Hizo nazo ni rika lenu.

Ila kama ningekuwa mimi, nusu ya ukurasa ningewapa watu wa Akeri. Mkunga aliyewazalisha nusu ya darasa lenu, mwalimu aliyefariki mkiwa bado mgongoni, bibi wa mwenzenu aliyezikwa masika ile ile. Hawa hakuna gazeti litakalowataja, na waliowajua bado wapo. Wape wenzako kazi kila mmoja aende na jina moja na tarehe yake, akiandika nani kamweleza. Mawe ya makaburi yatawasaidia kwa vifo, lakini msiyaamini sana upande wa kuzaliwa: jiwe hutengenezwa wakati wa msiba, na mwaka wa kuzaliwa wa marehemu hutolewa na mtoto wake aliyechoka kwa kulia.

Mkunga wako akiwa hai, mwone mapema kuliko kitabu cha ubatizo. Kitabu kinaweza kungoja. Nenda na mama. Kwa kitabu, piga simu kwanza ofisi ya usharika, kwa sababu vitabu vya miaka ile havitolewi mezani kila siku. Mara nyingi viko kabatini chini ya ufunguo wa mchungaji, naye atataka kujua unatafuta jina la nani na la mwaka gani. Omba kitabu cha 1984 pamoja na cha 1985, usome vyote viwili. Na ukikuta mstari wako, usipige picha tu: nakili kwa mkono safu zote nane, pamoja na namba ya ukurasa.